Jikoni kwetu: Vigato vya kijiti, na ile mashini ya Marekani

Mwezi uliopita mama mmoja wa machimbo ya upande wa Manguredjipa alituuliza kama ni kweli kuna mashini ndogo ya kuweka juu ya meza, inayopika gato za mviringo kama marisasi makubwa, zile za kuchomeka kijiti na kuchovya katika shokola. Ndiyo mama, iko. Marekani zilianza kupendwa sana karibu mwaka wa 2008, na sasa mashini yake inafika hata katika magazini ya Butembo, juu wachuuzi wetu wanajua njia ya Dubai na ya China kuliko wanavyojua njia ya shamba. Lakini kabla hujatoa dola zako, sikiliza yaliyotupata huku Furu.

Jirani yangu ni mjane. Binti yake yuko katika masomo ya sekondari, na mwaka ule minerval ilikuwa bado haijalipwa. Mjomba aliye Marekani akatuma mashini hiyo katika mzigo. Tulifurahi! Binti akaenda kuomba komande, na familia moja ikampa kazi ya vigato 60 kwa Komunyo ya kwanza ya mtoto wao, na nusu ya pesa mkononi. Pesa hiyo ilienda shuleni siku ile ile.

Jumamosi asubuhi, kura ikiwepo (hilo peke yake ni neema), akachomeka prizi. Haikupita hata dakika tano akanipigia kelele juu ya lupango: «Mama, kuja! Iko natoka moshi!» Nilipofika, ile rangi nyeusi isiyoshika ya ndani ilikuwa inanuka na uzi wa umeme umeanza kuyeyuka. Tukachomoa. Mashini ikafa hapo.

Tuliigeuza tukasoma maandishi madogo ya chini. Iliandikwa volti 120. Kura ya Butembo na ya Beni ni volti 220. Mashini ya kupasha moto ikipewa volti karibu mara mbili, haipati moto mara mbili tu, inapata zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo mama, kitu chochote cha jikoni kinachotoka kwa ndugu wa Marekani ao Kanada, kigeuze kwanza usome. Kama imeandikwa 220 ao 230 ao 240, ni sawa. Kama ni 120 peke yake, inaomba transfo kubwa, na transfo ya namna hiyo ni nzito na ya bei. Tena soma wati. Ile yetu ilikuwa ya wati 800. Paneli moja ya jua ya wati 100 haiwezi kuibeba hata kidogo, na grupe ile ndogo ya kuwasha tivi itakohoa na kuzimika. Ninyi wa machimbo, hiyo ndiyo jibu langu: mashini hii si yenu kwa sasa.

Sasa ilikuwa saa tatu ya asubuhi, vigato 60 havijapikwa, na pesa imeshaliwa na shule. Mjane alianza kulia. Mimi nikamwambia, leta mbabula.

Kumbe vigato hivi havikuzaliwa na mashini. Wenye kuvianzisha walikuwa wanapika gato ya kawaida, wanaivunjavunja, wanaiviringisha kwa mikono. Sisi tulitumia nusu kilo ya bunga ya ngano, gramu 300 za sukari, gramu 250 za margarini, mayai 6, glasi moja ya maziwa na vijiko vidogo 3 vya levire ya gato. Piga margarini na sukari mpaka iwe nyeupe, tia yai moja moja, halafu bunga na maziwa kwa zamu. Wa Beni wanaweza kutia vijiko 4 vya levire. Hapa Butembo tuko juu sana, hewa ni nyepesi, gato inapanda mbio halafu inaanguka katikati kama kofia ya mlevi. Punguza levire, ongeza maziwa kidogo.

Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sufuria ya gato juu yake, kifuniko, na makala ya moto juu ya kifuniko. Makala ya chini yawe machache kuliko ya juu. Kwetu ilichukua dakika 50.

Ikipoa kabisa (usiwe na haraka, ya moto inakuwa uji), ivunje iwe kama mchanga. Tia vijiko vichache vya maji ya marakuja yaliyopikwa na sukari mpaka yakawa mazito. Viringisha iwe kama kiazi kidogo cha mbegu. Nawa mikono mbele ya watu. Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020, mnunuzi wa huku anatazama mikono yako kabla ya kutazama gato.

Kijiti ni cha mianzi, kichemshwe na kukatwa ncha. Chovya kichwa cha kijiti katika shokola kwanza, ingiza mpaka katikati tu, acha kikauke. Ndiyo siri yote. Ukiruka hapo, gato itaanguka ndani ya shokola.

Na shokola yenyewe? Hapa ninapata haya kidogo. Kakao iko Beni, Oicha, Mangina, watu wanaianika barabarani, na watoto wao wengi hawajaonja shokola hata siku moja. Hifadhi ya Virunga iliweka kiwanda cha shokola Mutwanga, lakini tableti bado ni bei kwa mama wa kawaida. Sisi tulinunua mbili, tukaziyeyusha katika bakuli juu ya maji ya moto, bila tone la maji kuingia ndani, tukaongeza kijiko cha mafuta. Hazikutosha. Vigato vya mwisho tulivipaka unga wa kakao uliopikwa na sukari, maziwa na margarini. Watoto hawakuuliza kitu.

Butembo kuna baridi, shokola inakauka yenyewe bila frigo. Beni jua la saa sita linaiyeyusha, basi uza asubuhi. Wadogo wa chini ya miaka mitano, watolee kijiti kwanza, wasikimbie nacho mdomoni.

Saa kumi tulifikisha 58. Viwili vilianguka, nao wana wa jirani walivishughulikia. Mwenye komande alilipa yote. Mashini iko bado juu ya kabati ya mjane, imefunikwa na kitambaa kizuri, juu mjomba anaweza kupiga video siku yoyote.