Kabla mahindi ya watoto hayajawa majani ya mbuzi

Kiangazi kinapoanza mwezi Juni, malisho ya Bugarama wilayani Ngara huanza kubadilika rangi. Kufikia Agosti nyasi za vilimani zimekauka, mbuzi wanatembea mbali zaidi kutafuta chakula, na anayenyonyesha anapungukiwa maziwa. Ndipo video inapopita kutoka simu hadi simu: mtu ameshika majani mabichi yaliyoshikana kama mkeka, amevuna ndani ya banda kwa siku 7 tu, bila shamba wala mvua. Anasema kilo moja ya nafaka imempa kilo 6 za majani.

Anasema kweli. Kilo moja ya mahindi au shayiri ikilowekwa, ikatandazwa kwenye trei na kunyunyiziwa maji, inaweza kutoa kilo 5 hadi 7 za majani kwa wiki moja. Wapo wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaofanya hivyo. Lakini kwa familia ambayo mahindi ya kulisha mbuzi na ya kupika ugali yanatoka gunia moja, kuna hesabu ya kufanya kwanza.

Uzito ule ni maji

Majani hayo yakivunwa siku ya 7, zaidi ya asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Kilo 6 zikianikwa mpaka zikauke kabisa, kinachobaki hakifiki kilo moja, na mara nyingi ni pungufu ya mahindi yaliyolowekwa. Sababu ni kwamba mbegu inapochipua hutumia wanga wake yenyewe ili ikue. Chakula kimebadilika sura, hakikuongezeka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari lifunguliwe. Mbuzi wa kilo 30 huhitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Akilishwa majani haya peke yake atakula kilo 7 hivi kila siku, yaani zaidi ya kilo moja ya mahindi. Mbuzi watatu watamaliza gunia la kilo 100 kwa mwezi mmoja. Gunia hilo hilo likisagwa dona, familia ya watu watano inayopika kilo 2 za unga kwa siku ingelila siku 50.

Ndiyo maana mzazi asianze jambo hili kwa kupunguza akiba ya jikoni, kwa matumaini kwamba mbuzi watailipa baadaye.

Yanafaa wapi, basi?

Yanafaa kama nyongeza. Nyasi kavu za kiangazi hujaza tumbo, lakini zimepoteza sehemu kubwa ya vitamini A iliyokuwamo zilipokuwa mbichi. Majani haya yanayo, na ni laini kwa mnyama. Mbuzi anayenyonyesha akipewa nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, juu ya nyasi kavu na makapi ya maharage, anapata kitu kibichi ambacho malisho hayana. Kwa kiasi hicho mahindi yanayotumika ni kama gramu 100 hadi 200 kwa siku. Kuku wakiwekewa kiganja kimoja kimoja hufurahia, na kiini cha yai huwa cha njano zaidi. Sungura nao hula vizuri.

Mnyama aanzishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili tumbo lizoee.

Namna ya kuotesha

Mahindi yachaguliwe mazima na masafi, yaoshwe, kisha yalowekwe usiku kucha. Asubuhi yachujwe na kuwekwa kwenye gunia safi lenye unyevu kwa siku moja au mbili, mpaka ncha nyeupe ionekane. Hapo yatandazwe kwenye trei au sinia la plastiki lililotobolewa chini, kina kisizidi sentimita 2, na kuwekwa kivulini penye hewa. Maji yanyunyizwe mara 3 au 4 kwa siku na yasituame. Siku ya 7 au ya 8 mnyama hula yote: majani, mizizi na punje. Trei ioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kutumika tena.

Mambo matatu ya hatari

La kwanza ni mtama. Katika eneo hili watu wanajua kuchipua mtama kwa ajili ya kimea cha pombe, hivyo ni rahisi kudhani kwamba utafaa pia kwa mbuzi. Haufai. Machipukizi mabichi ya mtama hutoa sumu ya sianidi, na mbuzi anaweza kufa muda mfupi baada ya kuyala. Kimea hukaushwa na kuchemshwa, na hiyo hupunguza sumu. Mbuzi huyapata mabichi. Hata mtama unaochipua upya shambani baada ya kuvunwa si wa kuachia mbuzi.

La pili ni mbegu zilizotiwa dawa. Mahindi ya mbegu ya dukani, yale yenye rangi nyekundu, kijani au ya bluu, yamepakwa sumu ya wadudu na ukungu. Hayaliwi na mnyama hata yakioshwa. Mahindi yaliyochanganywa na dawa ya ghalani nayo yaachwe.

La tatu ni ukungu. Joto na unyevu wa trei ndivyo ukungu unavyovipenda. Trei ikitoa harufu ya uvundo au kuonyesha utando mweupe, kijani au mweusi juu ya punje, yote imwagwe kwenye shimo la mbolea. Asipewe hata kuku. Ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia nafaka. Mbuzi wa maziwa akiila, sehemu yake huingia kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Anayekunywa maziwa hayo ni mtoto.

Nani atanyunyiza maji?

Swali hili halimo kwenye video. Kiangazi maji hutoka mbali, na mara nyingi anayetumwa ni binti. Kunyunyiza mara nne kwa siku kukimwangukia mtoto, kuna siku atachelewa shule, na siku nyingine hatakwenda. Zamu za mchana ziwe za mtu mzima anayeshinda nyumbani. Mtoto asaidie asubuhi kabla ya shule na jioni, na kwa njia hiyo anajifunza kazi bila kukosa darasa. Kama hakuna mtu mzima wa kushika zamu ya mchana, trei zisubiri.

Yapo pia ya bei nafuu zaidi. Makapi ya maharage yakihifadhiwa pakavu baada ya mavuno, mashina ya viazi vitamu yakianikwa, maganda ya ndizi yakikusanywa, na lukina ikipandwa mpakani mwa shamba mvua zinaponyesha, mbuzi watavuka kiangazi bila kugusa gunia. Afisa mifugo wa kata anaweza kusaidia kupanga mchanganyiko.

Anayetaka kujaribu aanze na trei moja na kilo moja ya mahindi, baada ya kuhesabu magunia yatakayofikisha familia kwenye mavuno yajayo. Kama hesabu hiyo haitoshi, mahindi yabaki kuwa ya watoto, na mbuzi akatiwe lukina.