Silabi Inayoangusha Kesi ya Ulaghai

"Nitakupatia kazi Qatar." "Nimekupatia kazi Qatar." Kwa mama aliyeuza ng'ombe ili amlipe wakala, kauli hizi ni zile zile: pesa zimekwenda na simu haipokelewi. Mahakamani Kenya, silabi ya -ta- inaweza kumrudisha wakala nyumbani na ya -me- ikamfunga.

Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa hadaa maelezo ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. La kesho halimo. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba maelezo kuhusu jambo lijalo hayawezi kubeba shtaka la kujipatia pesa kwa ulaghai. Kwa hiyo mtu aliyefungwa chini ya kifungu cha 313, ambacho adhabu yake hufika miaka 3, hukata rufaa Mahakama Kuu, na wakili wake huenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja wa karatasi ya mashtaka: "akidai kwamba angempatia kazi". Mstari huo ukisimama peke yake, hukumu haina miguu.

Mlalamishi hutoka pale akihisi ameibiwa mara ya pili, na uchungu wake ni wa haki. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mahakama imekosea. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha ili aweze kulijibu. Tena, ahadi isiyotimizwa ikiwa jinai, basi kila mwanachama wa chama aliyeshindwa kutoa mchango wa zamu yake ni mhalifu. Jela zetu zitajaa wadeni.

Jina lililokosewa herufi, au tarehe iliyopishana na ya risiti, ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinakataza kutengua hukumu kwa dosari ambayo haikupoteza haki, na kinataka mahakama iulize kama pingamizi lingeweza kutolewa mapema. Aliyewahoji mashahidi wote kuhusu pesa hizo hizo, kisha akajitetea, alijua anashtakiwa nini. Kumwachilia kwa sababu ya tarehe ni kumdhulumu aliyelipa.

Lawama zangu ziko kwa waendesha mashtaka. Mlalamishi yuko kizimbani anasimulia: "Alinionyesha barua ya mwajiri, akasema viza imeshatoka." Hilo ni jambo lililopo, na likithibitika ni uongo aliousema kwa makusudi ili apate pesa, kosa limetimia. Karatasi iliyo mkononi mwa mwendesha mashtaka bado inasema "angempatia". Kifungu cha 214 cha Sheria hiyo hiyo ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu kuomba ibadilishwe kabla hajafunga ushahidi wake. Mshtakiwa atasomewa shtaka upya na anaweza kutaka mashahidi warudi. Asipoomba kabla ya hapo, amechelewa. Tangu uamuzi wa rufaa katika kesi ya Fatehali Manji mwaka 1966, mahakama za Afrika Mashariki zinashikilia kwamba kesi haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

Ndugu msomaji, ukitapeliwa, usimwambie polisi tu kwamba "alinidanganya". Rudia maneno yake kama alivyoyatamka, tunza ujumbe wa simu na picha ya kila karatasi aliyokuonyesha, kisha soma taarifa yako kabla ya kutia sahihi. Na ukisikia rufaa yake imekubaliwa, pesa zako bado unamdai katika mahakama ya madai. Madai ya mkataba yana miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na kesi ya jinai haisimamishi hesabu hiyo.