Wanafunzi wa Uhusiano wa Kimataifa Nao Wavuke Mpaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya vijana wetu wanaosomea uhusiano wa kimataifa, na nafasi za kwenda kusoma na kufanya utafiti katika nchi za nje. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa mwalimu wa shule ya msingi huku Nanyumbu anaingiliaje mambo ya mabalozi. Lakini vijana hao hawaanzii chuo kikuu. Wanaanzia kwetu, darasa la kwanza, wengine wakija pekupeku.

Niseme mapema kwamba sidai nafasi hazipo. Uingereza ina ufadhili wake wa Chevening ulioanza mwaka 1983, ambao hulipa ada, nauli na posho kwa shahada ya pili ya mwaka mmoja. Marekani ina Fulbright tangu mwaka 1946, na chini ya mpango huo wamo vijana wa Tanzania waliokwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko huku nao wakisoma. China, India, Ujerumani na Japani huchukua wanafunzi pia. Hata bila kupanda ndege, mjini Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kuna ofisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi na nyaraka za Mahakama ya Rwanda iliyofungwa mwaka 2015. Kwa mwanafunzi wa fani hii, Arusha peke yake ni shamba lisilolimika likaisha.

Ninachouliza mimi ni nani anayezipata nafasi hizo.

Tuchukue Chevening. Mwombaji anatakiwa awe amekwisha kufanya kazi miaka 2. Mtoto wa mjini ambaye mjomba wake ana ofisi ataipata kazi hiyo hata kabla wino wa cheti haujakauka. Wa kwetu akimaliza chuo anarudi nyumbani kupulizia mikorosho au kuendesha bodaboda, na sijui kama yupo atakayemwandikia barua ya kuthibitisha kwamba miaka 2 ya bodaboda imemfundisha uongozi, ingawa mimi naamini imemfundisha. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya nje, ambao ada yake hupita dola 200 na hufanyika mijini. Kuna pasipoti, nayo ni shilingi 150,000. Mkulima hajauza korosho, mtoto amekwisha kudaiwa fedha ya msimu mzima, na fomu yenyewe bado haijajazwa.

Mazoezi ya kazi nayo yana mtego wake. Katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, desturi ya miaka mingi ni kwamba mwanafunzi wa mazoezi halipwi mshahara. Mwaka 2015 magazeti ya dunia yaliandika juu ya kijana wa New Zealand aliyekuwa mazoezini huko Geneva akilala kwenye hema. Kama mtoto wa New Zealand alifika huko, wa Nanyumbu atakaa Arusha miezi mitatu akila nini na akilala wapi?

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha darasa la saba miaka ya mwanzo ya kazi yangu. Alikazana hadi akafika chuo kikuu kusomea fani hii. Alipotakiwa kuandika tasnifu alichagua kitu anachokijua: jinsi vurugu za Cabo Delgado, zilizoanza Oktoba 2017, zilivyobadili biashara na undugu wa watu wa kando ya Mto Ruvuma. Alitaka avuke hadi upande wa pili akazungumze na watu, kwa kuwa Kimakua anakijua na wapo ndugu zake huko. Akaambiwa hakuna fungu la safari, achague mada ya maktabani. Basi akakaa Dar es Salaam akasoma maandishi ya wageni juu ya mpaka wetu, na baadhi ya wageni hao walipita kijijini kwao kwa gari, wakamkuta mama yake, wakamhoji.

Hapo ndipo penye dukuduku langu kubwa, Ndugu Mhariri. Wageni hawana makosa. Wanakuja na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, wanapita kwa Mkurugenzi na kwa Mtendaji, wanauliza maswali yao kwa adabu. Sisi tunawapokea, maana tumefundishwa mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu akiondoka, mwenyeji haoni hata nakala moja ya kilichoandikwa. Yupo bibi mmoja hapa kijijini ambaye ameulizwa na wanafunzi wa nchi tatu mbalimbali anakula mara ngapi kwa siku. Safari ya mwisho aliniuliza, Mwalimu, hawa huko kwao hawasimuliani? Sikuwa na jibu. Nami namwongezea swali: lini kijana wetu atakwenda kwao kuwauliza wao wanakula mara ngapi, na kwa nini wanafunga mipaka yao, na bei ya korosho yetu inapangwaje wakishaipokea?

Mambo haya si mapya wala si ndoto. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, ambacho leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa mwaka 1978 na serikali mbili kwa pamoja, yetu na ya Msumbiji. Wakati huo Msumbiji ilikuwa na miaka 3 tu ya uhuru, na sisi wenyewe hatukuwa na fedha za kuchezea. Hata hivyo wazee wetu waliona kwamba nchi mbili zilizopigana vita pamoja hazina budi kuwafundisha mabalozi wao pamoja. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, jirani yetu hapa. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano alisimama mbele ya wakuu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili.

Msumbiji nao baadaye wakaanzisha taasisi yao ya uhusiano wa kimataifa, na leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Joaquim Chissano, Maputo. Basi kwa nini Kurasini na Maputo zisibadilishane wanafunzi 20 kila mwaka? Wetu waende miezi sita wajifunze Kireno, ambacho ni mojawapo ya lugha za Umoja wa Afrika, na wao waje wajifunze Kiswahili, ambacho Umoja huo ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kusoma nje si lazima iwe London. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lilifunguliwa na marais wawili mwaka 2010. Malori na abiria huvuka. Sijasikia basi la wanafunzi wa chuo. Kadhalika Kampala, Nairobi na Kigali, ambako Mtanzania haombi viza, wanafunzi wetu wangeweza kwenda kwa basi na begi moja.

Najua watakuwapo watakaosema nchi inahitaji kwanza madaktari na wahandisi. Sibishani nao, na ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi wa sayansi ni jambo la kupongezwa. Ila mikataba ya gesi, ya bandari na ya mipaka haijadiliwi na madaktari. Anayekwenda mezani kuijadili akiwa hajawahi kuishi kwa wale anaokabiliana nao atasaini asichokijua. Dkt. Salim mwenyewe alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Alipokuwa balozi India alisoma katika Chuo Kikuu cha Delhi, na alipokuwa Umoja wa Mataifa akachukua shahada ya pili Columbia, New York. Hakuna aliyemwambia achague mada ya maktabani.

Naomba pia wahusika walitazame suala la matangazo. Mengi yanatoka kwa Kiingereza, kwenye mitandao, na muda wa kuomba ni mfupi. Yangebandikwa kwa Kiswahili katika ofisi za elimu za wilaya na kusomwa redioni, yangefika. Na gharama ya pasipoti na ya mtihani wa lugha, kwa kijana ambaye Bodi ya Mikopo imekwisha kuthibitisha kwamba hana uwezo, ingeweza kuongezwa kwenye mkopo wake na kurudishwa pamoja nao. Kwa watafiti wa kigeni, ningependa kila mmoja aache kijijini kurasa mbili tu za Kiswahili zikieleza alichokiona. Mkutano mkuu wa kijiji utazisoma, na kama amekosea tutamwambia.

Yule mwanafunzi wangu tasnifu yake ilipasi. Sasa yupo Masasi, anauza simu. Bado anazo namba za watu wa ng'ambo ya mto aliotaka kuwahoji.

Nyumba ya mwalimu ninayokaa ina chumba kimoja kitupu. Mwanafunzi wa Kurasini au wa chuo chochote atakayetaka kuja kufanya utafiti huku mpakani, aje na barua ya chuo chake na ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Godoro lipo, ila neti aje nayo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nanyumbu, Mtwara.