Kuba: Macho ya Msafiri na Kinywa cha Jirani

Wapo wasomaji wetu ambao kila tukutanapo, ama katika semina za uraia ama nje ya kanisa baada ya ibada, hutuletea habari za Kuba. Mmoja husema: tazameni, nchi ile ina chama kimoja tu, na bado watoto wote wanasoma na kila mtaa una daktari wake, basi kelele hizi za vyama vingi ni za nini? Mwenzake hujibu kwamba nchi ile haina Mungu wala chakula, na hakuna jema liwezalo kutoka huko. Wote wawili humtaja msafiri fulani aliyekwenda, akaona, akarudi.

Sisi hatumdharau yule wa kwanza. Hoja yake ndiyo tuliyohubiriwa hapa Kenya tangu kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba mwaka 1982 mpaka kilipofutwa Desemba 1991: kwamba tumbo na shule vitangulie, nao mdomo ungoje. Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa matusi. Hujibiwa kwa kuingia ndani ya nyumba na kutazama watu wanavyoishi.

Na tuanzie jikoni. Tangu mwaka 1962 kila kaya ya Kuba imekuwa na kijitabu cha mgao. Mama hukichukua mpaka duka la mtaa wake, muuzaji akaandika ndani yake mchele, maharagwe, sukari, mafuta na mayai aliyotoa, kwa bei ndogo ambayo hata maskini aliimudu. Mtoto aliye chini ya miaka 7 alitengewa maziwa. Kila mtu alikuwa na mkate wake mmoja mdogo kwa siku. Hata kahawa ilikuwamo, ingawa wakulima wetu wa Nyeri na Kisii wangeshangaa kuinywa, maana huchanganywa na njegere zilizokaangwa. Msafiri aliyeyaona haya katika miaka ya neema, Umoja wa Kisovieti ulipokuwa ukinunua sukari na kuleta mafuta, hakusema uongo aliposema kwamba hakumwona mtoto mwenye utapiamlo akilala barabarani. Wala kampeni ya mwaka 1961, iliyowapeleka vijana kwa maelfu vijijini kufundisha watu wazima kusoma, haikuwa hadithi ya kutungwa. Tungependa viongozi wetu wangeionea wivu.

Lakini mgao hutegemea ghala, na ghala la Kuba lilijazwa kutoka nje. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Wakuba waliingia katika miaka waliyoiita Kipindi Maalumu. Mabasi yalikosa mafuta; serikali ikaagiza baiskeli kutoka China, zaidi ya milioni moja, na wahadhiri, mafundi na wauguzi wakajifunza kukanyaga pedeli utu uzimani. Mjini Havana kulitokea chombo kilichoitwa ngamia, trela refu lenye nundu mbili likivutwa na kichwa cha lori, abiria wamesongamana ndani kuliko matatu zetu za jioni. Wageni walikipiga picha kwa furaha. Waliokuwa ndani hawakuwa na kamera.

Msafiri mwingine husifu foleni ya Kuba, nasi tunakubali kwamba ina ustaarabu wake. Mtu akifika dukani hasimami nyuma ya mgongo wa mwenzake. Huuliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Mmoja huinua mkono, naye akishamjua huyo anayemtangulia huweza kwenda kukaa kivulini na kupiga soga mpaka zamu yake ifike. Hakuna anayesukumana, na mzee hatupwi nje. (Kwetu neno mlolongo lina kumbukumbu chungu tangu uchaguzi wa 1988, ambapo mlolongo mfupi uliweza kutangazwa mrefu mchana kweupe.) Hata hivyo foleni njema haigeuzi kilicho mwisho wake. Mwaka 2024 serikali ya Kuba iliomba Shirika la Chakula Duniani unga wa maziwa kwa ajili ya wale watoto wa chini ya miaka 7, na Septemba mwaka huo mkate wa kila siku ulipunguzwa kutoka gramu 80 hadi 60. Trei ya mayai 30 iliuzwa sokoni kwa karibu peso 3,000, na mshahara wa wastani wa mtumishi wa serikali haukufika peso 6,000 kwa mwezi.

Sasa tugeukie kwa jirani, maana hapo ndipo msafiri hupotea njia. Jirani wa Kuba ni mtu wa kweli. Umeme ukikatika watu hutoa viti vibarazani na kuzungumza gizani, na ukirudi mtaa mzima hupiga kelele kwa pamoja. Sukari huazimwa, dawa huulizwa nyumba hadi nyumba, na aliyepata samaki humkumbuka aliyempa mayai wiki iliyopita. Mgeni akiona haya hurudi akisema, hawa wanapendana kuliko sisi. Huenda ni kweli.

Ila katika mtaa ule ule, tangu Septemba 1960, kuna Kamati ya Kulinda Mapinduzi. Kazi zake ni nyingi na nyingine ni njema: kuhimiza chanjo, kuchangisha damu, kusafisha mitaro. Kazi nyingine ni kujua ni nani amemtembelea nani, nani ana nyama ambayo haimo katika mgao, na nani hakufika kwenye mkutano. Aliyekuazima sukari asubuhi huenda ndiye atakayeulizwa habari zako jioni. Kwa sababu hiyo Wakuba walizoea, walipotaka kumsema Fidel Castro, kutolitamka jina. Mtu alijipapasa kidevuni kana kwamba ana ndevu, na msikilizaji akaelewa. Wasomaji wetu wenye umri wanaijua lugha hiyo. Walikuwapo hapa siku za vijana wa chama waliodai kadi kwenye malango ya masoko na vituo vya magari, nao walijifunza kutazama meza ya nyuma kabla ya kufungua kinywa.

Msafiri haioni ishara ya kidevu, kwa kuwa hupewa hoteli. Mpaka mwaka 2008 Mkuba wa kawaida hakuruhusiwa kulala katika hoteli za watalii za nchi yake mwenyewe, hata kama angekuwa na fedha. Mpaka Januari 2013 hakuweza kusafiri nje bila kibali cha serikali cha kutoka. Basi mgeni aliingia na kutoka apendavyo, akamwandikia mwenyeji wake sifa ambazo mwenyeji hakupata nafasi ya kuzithibitisha wala kuzikana. Atakayetuletea habari za Kuba tunamwomba atueleze pia kama jirani alisema naye mlango ukiwa wazi.

Kuhusu vikwazo vya Marekani vilivyowekwa mwaka 1962, msimamo wetu ni mfupi. Vimewaumiza raia, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limevipinga kwa kura mwaka baada ya mwaka tangu 1992. Lakini vikwazo havikumlazimisha mtu yeyote kumfunga mshairi.

Kuba ilitufikia pia hapa nyumbani. Mwaka 2018 madaktari wapatao 100 wa Kuba waliletwa katika kaunti zetu, na madaktari 50 wetu wakapelekwa huko kusoma. Wagonjwa wengi waliwashukuru wageni hao. Wawili kati yao walitekwa nyara Mandera mwezi Aprili 2019, wakiwa njiani kwenda kazini, na sala zetu zimewafuata tangu siku ile. Mkataba ulikatishwa Novemba 2023. Daktari wa Kuba anayetumwa ng'ambo hupata sehemu tu ya fedha inayolipwa kwa kazi yake. Inayobaki huchukuliwa na serikali yake, naye hana chama huru cha wafanyakazi cha kumtetea. Hili nalo limo katika bei ya zahanati tunazozisifu.

Ndugu zetu wa makanisa wajue kwamba Krismasi ilifutwa katika siku za mapumziko mwaka 1969, ikarudishwa kwa kudumu mwaka 1998, mwaka ambao Papa Yohane Paulo wa Pili alizuru kisiwa hicho. Ni mwaka 1991 tu ambapo waumini walianza kukubaliwa katika chama tawala. Watu hawakuacha kusali katika miaka ile yote. Walisali kwa sauti ya chini.

Tarehe 11 Julai 2021 sauti ilipanda. Maandamano yalianzia San Antonio de los Baños, karibu na Havana, yakaenea miji mingi kwa siku moja. Watu walidai chakula, dawa na umeme, wakadai uhuru katika pumzi hiyo hiyo. Mamia walihukumiwa, wengine zaidi ya miaka 10. Kisha wengi wakaondoka: takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha wakazi walishuka kutoka milioni 11.1 hadi karibu milioni 10 kati ya 2021 na mwisho wa 2023. Machi 2023, katikati ya kuondoka huko, ulifanyika uchaguzi wa Bunge. Viti vilikuwa 470 na wagombea walikuwa 470.

Januari 2025, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Vatikani, serikali iliahidi kuwaachilia wafungwa 553. José Daniel Ferrer na Félix Navarro walikuwa miongoni mwa waliotoka. Tarehe 29 Aprili walikamatwa tena, na Oktoba mwaka huo Ferrer akapelekwa uhamishoni Marekani.