Chomoeni waya kwanza

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa Dimani, Kibiti. Nikatuma hela kwa wakala. Kwangu imetoka, kule haijafika. "Subiri kaka, sistimu imegoma." Siku mbili! Baadaye huduma kwa wateja wakasema seva yao ilizimika ghafla.

Kisingizio hicho sikikubali. Hifadhidata iliyoundwa vizuri huandika kwanza kwenye daftari la pembeni jambo inalotaka kufanya. Ikizimika katikati, ikiwaka inasoma daftari, inamalizia muamala au inaufuta wote. Nusu hakuna. Haya yanajulikana tangu miaka ya 1970. Tatizo letu hatujaribu: mfumo unaonyeshwa hotelini Dar, jenereta ipo, watumiaji watano, wakubwa wanapiga makofi.

Kenya yaliwakuta Machi 2013. Mitambo ya kurusha matokeo ya uchaguzi ilikwama, halafu kasoro ya programu ikazidisha kura zilizoharibika mara 8. Wakarudi kwenye fomu za karatasi.

Mimi nataka kabla ya uzinduzi mtu achomoe waya wa seva miamala 10,000 ikiwa njiani, mara 50, na sisi waandishi tuone. Nimewahi kuliuliza hilo kwenye uzinduzi mmoja. Nikaambiwa chakula kiko tayari.