Malezi: Hesabu za Kichwa Zianzie Jikoni



Siku moja nilimtuma binti yangu wa darasa la tatu dukani na noti ya shilingi 5,000. Vitu vilikuwa vya shilingi 3,700. Akarudi na shilingi 300. Nilimgombeza kabla ya kumwuliza, naye akalia sana. Tulipokwenda wote dukani, muuzaji alitoa elfu moja iliyobaki bila ubishi. Kumbe mtoto hakupoteza fedha. Hakujua adai kiasi gani. Na daftari lake la hesabu limejaa vema!

Nilimwuliza alivyohesabu. Alijaribu kuandika kichwani 5,000, chini yake 3,700, akaanza kukopa kutoka kulia mpaka akapotea. Njia hiyo yafaa kwenye karatasi. Mwuza genge haitumii, yeye hupanda: kutoka 3,700 hadi 4,000 ni 300, hadi 5,000 ni 1,000. Chenji 1,300.

Tangu hapo tunafanya hesabu tukichambua mchele. Tulianza na kumi. Nane na saba ni ngapi? Asihesabu moja moja. Achukue mbili kwenye saba azipe nane, zitimie kumi. Kwenye saba zimebaki tano. Kiswahili chenyewe kinamalizia: kumi na tano. Mwonyeshe kwa punje za maharage, atayaona kwa macho yake.

Lakini lugha hiyohiyo ina mtego. Thelathini haisikiki kuwa ni kumi tatu, wala hamsini kuwa ni kumi tano, kwa kuwa majina hayo yametoka Kiarabu. Mtoto aweza kuhesabu mpaka mia kama wimbo, asijue hamsini ina kumi ngapi. Mfungie vijiti kumi kumi, kila fungu na kamba yake, ahesabu mafungu.

Tebo aendelee kukariri, sioni sababu ya kuziacha. Akisahau, awe na pa kushika. Sita mara tisa? Sita mara kumi ni 60, toa sita, 54. Kumi na nne mara tano? Mara kumi ni 140, nusu yake 70.

Wapo akina mama wanaowachapa watoto mikono kwa kuhesabu vidole. Wa darasa la kwanza mwache avitumie, ataviacha akipata njia ya haraka zaidi. Na jibu likiwa si sahihi, usimwite mjinga. Mwulize, "Umepataje?" Mara nyingi utakuta amekosea hatua moja tu. (Baba yake naye alijiunga nasi jioni moja, akakwama kwenye saba mara tisa. Tulicheka wote.)

Juma lililopita nilimtuma tena, na noti ya 10,000. Vitu vilikuwa vya shilingi 6,400. Alianza kunihesabia akiwa bado mlangoni: "Mama, mpaka elfu saba ni mia sita, mpaka elfu kumi ni elfu tatu. Shika 3,600 yako."