Karatasi ya Sita

Siku ya uchaguzi Mkenya hupewa karatasi sita. Ya rais tunaijua hata gizani. Ya gavana tumeibishania kwa matatu, kwa kinyozi na kwa grupu za WhatsApp hadi tukablokiana. Seneta na mwakilishi wa wanawake hupita na upepo wa chama. Mbunge angalau jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa kila darasa lililojengwa na CDF. Inabaki ya sita, ya mwakilishi wadi, ambaye sote tunamwita MCA. Hiyo wengi huipiga kwa uchovu: unatafuta alama ya chama, unatia tiki, unatumbukiza, unapakwa wino, unaenda.

Mimi nasema karatasi hiyo ya sita ndiyo nzito kuliko zote kwa mtu anayeishi Nairobi, na tumeiuza kwa bei ya kutupa.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22 kwenye sajili. Nairobi ilikuwa na zaidi ya milioni 2.4, na kaunti hii ina wadi 85. Ukigawanya, wastani ni kama wapiga kura 28,000 kwa kila wadi. Kwa hivyo kura yako kwa MCA ina uzito zaidi ya mara 700 kuliko kura yako kwa rais. Sasa toa wale ambao hawakutoka nyumbani, halafu waliotoka wagawane wagombea kibao, na utaona mtu anaweza kuingia City Hall kwa kura elfu chache tu. Elfu chache! Laini mbili tatu za maghorofa ya Pipeline zikiamka na nia moja, maneno yamekwisha. Lakini tunaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya urais, kisha hii ambayo tungeishinda peke yetu tunaipiga kama mtu anayejaza fomu ya geti.

Na huyu mtu kazi yake ni gani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, imeisema bila mafumbo. Anapaswa kuwasiliana na wakazi wa wadi na kushauriana nao, kupeleka maoni yao bungeni, kuhudhuria vikao na kuwaletea majibu. Pamoja na wenzake, hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, huwapiga msasa mawaziri wa kaunti na humchunguza gavana. Kifungu hichohicho kinaongeza jambo ambalo ukilisema mtaani utachekwa: MCA haruhusiwi kushiriki, moja kwa moja au kwa kuzunguka, katika kazi za utawala wa kaunti wala utoaji wa huduma.

Soma tena hapo. Haruhusiwi.

Sasa linganisha na orodha ya vitu tunavyomdai. Alipe karo. Anunue jezi za timu. Alete tenti, viti na sufuria za matanga. Achangie jeneza. Atoe mchanga wa barabara mvua ikianza. Awaandikie vijana wa base kazi ya kufagia. Asipofanya hivyo, jina lake ni “amepotea”. Mwenzake aliyekaa kwenye kamati usiku akikagua mahali pesa za mitaro zilipoenda, huyo hatumjui, na akigombea tena tutamwangusha kwa sababu hakuonekana kwa mazishi ya mzee fulani.

Basari ndiyo inayonikera zaidi, maana imevaa nguo za huruma. Kwa Katiba ya 2010, shule za upili na vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Elimu iliyo mikononi mwa kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya mtaani. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziambia kaunti zisitumie pesa kwa basari za kazi isiyo yao bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana walikimbia kortini, na wanasiasa wakalia kuliko wazazi. Ukijiuliza kwa nini walilia, utaelewa siasa ya wadi yote. Cheki ya basari ina picha, ina makofi, ina mama anayepiga magoti kushukuru. Ndani ya hiyo cheki ni kodi yake mwenyewe, lakini inamrudia kama zawadi ya mheshimiwa. Akiipokea, anakuwa na deni. Mwaka wa uchaguzi, deni linaitishwa.

Wakati huo, vitu ambavyo kweli ni vya kaunti viko chini ya dirisha lako. Mtaro uliojaa. Taka. Barabara ya mtaa. Soko. Zahanati. Gari la wazima moto. Kibali cha ghorofa nane kwenye ploti ambayo bomba lake la maji taka lilipangwa kwa nyumba ya familia moja. Leseni ya baa iliyo ukuta kwa ukuta na shule. Hata kanjo anayemfukuza mama mboga asubuhi na kutupa sukuma yake kwa lori hubeba mamlaka yanayotoka kwa sheria ndogo zinazopitishwa pale City Hall. Kodi anayotozwa mchuuzi, ada ya kuegesha gari, kibali cha biashara: vyote hupitia mikononi mwa wale 85 na wenzao walioteuliwa na vyama. Mvua za Aprili 2024 zilipojaza Mathare na watu wakafa, nchi nzima ilimtazama rais na gavana. Sawa, watazamwe. Lakini bajeti ya mitaro haikupita yenyewe. Kuna watu waliinua mikono ikapita jinsi ilivyokuwa, na majina yao hatuyajui.

Najua jibu litakalokuja: wewe unaongea kama mtu ameshiba. Mtoto amefukuzwa shule leo, na maneno ya bajeti hayalipi karo. Hilo jibu ni la haki na silidharau. Mama anayepokea basari si mjinga. Amepiga hesabu yake vizuri: bajeti hajawahi kuiona ikimfikia, lakini hii elfu tano ameishika. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, na kwa maisha yake mikono yote mingine imekuja mitupu. Lakini hesabu hiyo ina shimo. Elfu tano inakuja mara moja kwa mwaka, tena jina lako likipita kwa orodha. Maji ya mkokoteni unanunua kila siku. Dawa ambayo zahanati haina unanunua kila mtoto akikohoa. Ukijumlisha, mtaa unamlipa MCA mbovu pesa nyingi kuliko zile anazogawa. Njaa ni ya kweli, na ndiyo maana bei ya karatasi ya sita inafaa ipande.

Kuna hatari nyingine, na hii jiji letu limeionja mara mbili. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji kwa madai ya usimamizi mbaya na kuweka tume. Hadi 1992 Nairobi ilikaa bila diwani hata mmoja wa kuchaguliwa. Miaka tisa! Februari 2020, katika Ikulu, gavana Mike Sonko alitia saini kukabidhi serikali ya kitaifa kazi kubwa za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Mwezi uliofuata ikaundwa NMS, chini ya jenerali wa jeshi. Wengi walifurahia, na sishangai. Barabara kadhaa zilipata lami. Lakini jenerali hapigiwi kura. Ukiwa na shida naye, unamngoja nani uchaguzini? Mwakilishi akishazoeleka kuwa mtu wa kugawa jezi, siku akinyang’anywa kazi hakuna atakayemlilia, maana wa kugawa jezi wako wengi.

“Wote ni walewale.” Hiyo ndiyo sentensi inayowalinda wabaya kuliko wakili yeyote. Hao tunaosema hawana nguvu ndio waliomng’oa huyohuyo Sonko Desemba 2020, na Seneti ikaunga mkono. Nguvu ziko. Septemba 2025 walipotisha tena, mara hii dhidi ya gavana Johnson Sakaja, lalamiko lililovuma kuliko yote lilikuwa pesa za maendeleo ya wadi na basari kutotoka. Wakubwa wa vyama wakawaita, wakaongea nao, hoja ikazimwa. Sisemi gavana alistahili kwenda au kubaki. Nasema tazama kilichowasukuma kuchomoa panga: bakuli la kugawia. Na tazama waliowaambia warudishe panga: wenye tikiti za chama. Mpiga kura hakuwa chumbani, kwa sababu hakuna aliyemwogopa.

Hapo ndipo namgeukia msomaji wa rika langu. Juni 2024 tulifanya kitu ambacho nchi hii haikutarajia. Mswada wa Fedha ulichambuliwa kwa TikTok, ukatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, ukasomwa na watu ambao hawajawahi kufungua gazeti la serikali. Wabunge walipigiwa simu hadi wakazima. Wenzetu waliuawa barabarani, na tarehe 26 Juni rais akasema hatatia saini. Hatuwezi kudai tena kwamba mambo ya bajeti ni magumu kwetu.

Basi kaunti pia ina Mswada wa Fedha. Ina mpango wa mwaka unaopaswa kufika bungeni ifikapo Septemba 1, mkakati wa fedha ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Katiba, kifungu cha 196, inataka bunge la kaunti lifanye vikao wazi na liwashirikishe wananchi. Mara nyingi mkutano huitwa asubuhi ya siku ya kazi, tangazo limefichwa kwa kona ya gazeti, na ukumbi unajaa wale waliopigiwa simu. Wanategemea tusije. Twendeni, hata kama ni kumi kwa kila wadi wakipeana zamu, na simu zikirekodi. Na wakati wowote sheria inakuruhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti bila kumjua mtu.

Halafu wagombea wakianza kuzunguka na vipaza sauti, tuwaulize maswali ya kazi. Uliyekuwa ndani: ulileta hoja gani, na ulipigia bajeti kura vipi? Unayetaka kuingia: ukiambiwa na chama upitishe ada mpya kwa wachuuzi, utafanya nini? Orodha ya miradi ya wadi na pesa zake utaibandika wapi, kila mwaka? Atakayejibu kwa kutoa noti, noti ile ni kodi yako. Usimdai fadhila, na usimpe kura. Na ile hadithi ya suti kamili, ati ukipenda rais mpe watu wake wote hadi chini, tuikatae kabisa. Rais hatakuja kuzibua mtaro wako.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo, kazi ya wiki hii ni ndogo: tafuta jina la wadi yako, jina la MCA wako na kamati anayokaa. Kisha mwandikie swali moja kuhusu mtaro mmoja, uweke tarehe, na uwaonyeshe majirani kama amejibu.